Kifo na Hasara katika EVE Online: Uhakiki wa Uwiano wa Kisa na Kanuni

Suala la uwiano baina ya kisa na kanuni zinazokiendesha si geni katika uhakiki wa fasihi. Hata hivyo, limechukua sura mpya katika michezo ya kompyuta ichezwayo na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, ambamo mtunzi huendelea kuibadili kazi yake ilhali hadhira imo ndani yake. Mfano bora wa hali hiyo ni EVE Online, mchezo wa anga za mbali uliotolewa Mei 2003 na CCP, kampuni ya Aisilandi.

Kisa cha mchezo huu kimejengwa juu ya msingi wa hasara. Inasimuliwa kwamba binadamu walifika katika kundi la nyota liitwalo New Eden kwa kupitia mlango wa asili wa angani. Mlango huo ukaporomoka, makoloni yakatengwa na chimbuko lao, na mengi yakaangamia. Miongoni mwa mataifa makuu yaliyochipuka baadaye ni Amarr, lililowatia Waminmatar utumwani. Mchezaji naye ni rubani ambaye kifo chake si cha mwisho. Kapsuli anamokaa inapovunjika, mtambo huusoma ubongo wake huku ukiuunguza, na kuyapeleka yaliyosomwa katika kloni, yaani mwili mwingine uliowekwa akiba katika kituo.

Kwa zaidi ya miaka 10 kanuni zilikwenda sambamba na masimulizi hayo. Kila kloni ilikuwa na kiwango chake cha kuhifadhi alama za ujuzi. Rubani aliyekufa akiwa na kloni isiyotosha alipoteza sehemu ya alama zake, na kadiri ujuzi ulivyozidi ndivyo gharama ya kloni ilivyopanda. Desemba 2014 viwango hivyo viliondolewa. Hoja ya kuviondoa ilikuwa na uzito: gharama ile haikumpa mchezaji uamuzi wowote wa maana, nayo iliwafanya wakongwe wasite kuingia vitani. Kisha, Februari 2016, ikaja sindano ya ujuzi. Rubani aliyekwisha kupita alama milioni 5 aliweza kuchotwa alama 500,000, zikatiwa katika sindano na kuuzwa sokoni. Badiliko la kwanza lilipokewa kwa furaha na wengi. La pili lilizusha malalamiko, kwani ilidaiwa kuwa ujuzi hupatikana kwa muda na haufai kununuliwa.

Yakipimwa kwa uwiano wa kisa, hukumu hizo mbili hazina budi kupinduliwa. Maadamu akili yaweza kusomwa na kusafirishwa angani, hapana sababu isiweze kutiwa chomboni na kuuzwa. Aidha, biashara ya akili za watu haishangazi katika ulimwengu wenye historia ya utumwa. Hata kanuni kwamba rubani mwenye alama zaidi ya milioni 80 hupata 150,000 tu kutokana na sindano ileile inaafiki mantiki hiyo: chombo kilichojaa hakipokei sana. Lakini badiliko la 2014 liliacha ufa. Masimulizi yaliendelea kukionyesha kifo kuwa jambo la kutisha, ilhali kanuni zilisema kuwa akili haiwezi kupungua. Yaweza kujibiwa kuwa rubani bado hupoteza chombo chake pamoja na vipandikizi vya ubongoni. Jibu hilo ni la kweli, ila hiyo ni hasara ya mali. Hasara ya nafsi, ambayo ndiyo dhamira ya kisa, imetoweka.

Ni kwa nini ufa huo haukuonekana kuwa kasoro wakati wa majaribio? CCP ina seva ya majaribio iitwayo Singularity, ambamo wachezaji hualikwa kuzijaribu kanuni mpya kabla ya kuingizwa katika seva kuu, Tranquility. Kazi yake ni njema, kwani hitilafu nyingi za mitambo hufichuliwa hapo. Lakini huko vyombo hupatikana kwa bei ya chini mno, na lipotealo huko halipotei katika mchezo wenyewe. Basi mahali ambapo kifo hakigharimu chochote hapawezi kuonyesha kuwa kifo kimepungukiwa na maana.

Katika fasihi simulizi, hadhira iliyoijua ngano humkatiza fanani papo hapo anapokosea, kwa kuwa ngano ni mali yao pia. Wajaribu wa Singularity wanaulizwa kama mtambo unafanya kazi. Hawaulizwi kama kisa kingali kinasadikika. Ili kanuni mpya ipimwe kwa ukamilifu, masimulizi hayana budi kusomwa kando yake kabla haijapitishwa, na wasomaji wawe ni wale watakaokufa katika seva kuu.