Saa tatu ya nani? Ratiba za "muda bora wa kuposti" zichunguzwe

Bila shaka umeshaliona lile jedwali. Siku saba za wiki juu, saa za siku pembeni, katikati vijisanduku vya rangi. Palipokolea ndipo unapoambiwa uposti. Palipopauka, kalale.

Dada mmoja anayeoka keki Sinza alinionyesha la kwake mwezi uliopita. Alilinunua kwa mwalimu mmoja wa biashara wa mtandaoni, akaweka na kengele kwenye simu: Jumatano saa 3 asubuhi, usikose. Sasa saa 3 asubuhi dada huyu yuko jikoni, oveni inawaka, mikono imejaa unga. Anaacha kazi, ananawa, anaposti, anarudi. Siku moja keki ya mteja ikaungua. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe si unasomea takwimu? Mbona laiki haziji?"

Nikamwomba anitumie lile jedwali. Nimekaa nalo wiki nzima, na hasira zangu ni hizi.

Kwanza, saa yenyewe. Jedwali lilikuwa la Kiingereza na limeandikwa 9, basi. Ni saa 9 ya wapi? Kama ni ya New York, kwetu Dar ni saa 11 jioni, au saa 10 jioni ile miezi ambayo Wamarekani wamesogeza saa zao mbele. Kama ni "saa ya mahali ulipo", ni saa 3 asubuhi. Na wapo waliolitafsiri neno kwa neno wakaandika "saa 9", kwa hiyo wafuasi wao wanaposti alasiri. Kisanduku kimoja, majibu manne, na wote wanaamini wanafuata sayansi. Majedwali ya asili mara nyingi huwa na maelezo ya saa chini kabisa kwa herufi ndogo. Ukipiga picha ya skrini na kuituma WhatsApp, maelezo hayo ndiyo yanayokatika.

Tuseme saa tumeielewa. Bado kuna swali zito zaidi: hiyo rangi imetoka wapi?

Orodha nyingi za aina hii hutolewa na kampuni zinazouza programu za kupangia posti, kama Sprout Social, Hootsuite na Buffer. Sisemi wanadanganya. Wana data nyingi kuliko mimi nitakayowahi kuigusa. Ila fikiria ni nani anayeposti Jumatano asubuhi. Ni chapa kubwa yenye mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mpiga picha wake, na pengine bajeti ya matangazo. Wameingia ofisini, wamekunywa chai, wanabonyeza. Posti yao ingepata laiki hata wangeitoa usiku wa manane, lakini sifa inaandikwa kwenye saa. Ni kama kuingia wodini, kuona kila aliyelala kitandani anaumwa, ukatoka unatangaza kwamba vitanda vinaleta magonjwa. Jedwali linakuonyesha saa ambazo posti zilizofanikiwa zilitolewa. Halikuambii kwamba saa hiyo ndiyo iliyozifanikisha, wala kwamba yako ingefanikiwa.

Halafu kuna wastani. Hebu tutunge mfano. Posti tano za Jumatano zimepata laiki 40, 35, 52, 38 na 1,900. Hiyo ya mwisho ni video ya paka aliyeangukia kwenye keki ya harusi. Wastani ni 413. Jumatano inakolea rangi nyekundu, mwalimu wa mtandaoni anapiga makofi. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati: 40. Ndiyo Jumatano ya kawaida hiyo. Mitandao imejaa paka wa namna hii. Posti chache hulipuka, zilizobaki hutambaa, na wastani huzifuata zile zilizolipuka. Ukiletewa jedwali, uliza lilitumia namba gani. Kama muuzaji hajui, umeshapata jibu lako.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba majedwali haya yanaongea kana kwamba posti inakaa kwenye foleni ya daladala, aliyewahi yuko mbele. Instagram ilitangaza mwaka 2016 kwamba inaacha kupanga posti kwa mfuatano wa muda, na kwamba itatanguliza kile inachokadiria kitakuvutia. Uchaguzi wa kuziona kwa mfuatano ulirudi 2022, lakini lazima mtumiaji auchague mwenyewe. Kwa hiyo keki ya saa 3 asubuhi inaweza kumfikia mtu saa 1 usiku, au kesho yake, au isimfikie kabisa. Saa ni kigezo kimoja kati ya vingi ambavyo algoriti inavipima, na sisi wa nje hatuoni mizani.

Je, muda hauna maana kabisa? Hapana, na hapa lazima nitende haki. Kuna utafiti wa Spasojevic na wenzake uliotoka 2015, ukiitwa "When-to-Post on Social Networks". Walichunguza tabia za watumiaji wa Facebook na Twitter, kisha wakapima ratiba zao kwa watumiaji wapatao nusu milioni ndani ya siku 56. Miitikio iliongezeka kwa hadi asilimia 17 Facebook na hadi asilimia 4 Twitter. Soma tena neno "hadi". Na ratiba zile zilitengenezwa kwa kila mtumiaji peke yake, kwa sababu tabia za watu zilitofautiana kati ya mji na mji, mtandao na mtandao. Hawakutoa jedwali moja la dunia nzima. Kwa muoka keki mwenye laiki 40, asilimia 17 kamili ingemfikisha kwenye 47 hivi. Si haba, lakini je, inafidia keki iliyoungua?

Basi nilimwambia tufanye jaribio letu. Alichagua saa mbili zisizomtesa: saa 7 mchana na saa 2 usiku. Kila siku anarusha sarafu. Picha, mchana, namba, usiku. Sarafu ni muhimu mno, aisee. Bila sarafu ataweka keki nzuri usiku kwa kuwa tayari anahisi usiku ni bora, na tutakuwa tumerudi kule kule kwa chapa kubwa na chai yao. Anaandika kwenye daftari: siku, saa, na oda zilizoingia ndani ya siku mbili, akimuuliza kila mteja ni posti ipi aliyoiona. Laiki nimemwambia aziache, maana hazinunui unga. Pia tumeepuka Ramadhani, kwa kuwa mwezi ule watu wanaamka kula daku na saa zote zinahama. Ungepima Ramadhani ukatumia Mfungo Mosi, umejidanganya.

Tumekubaliana wiki nane, na sasa tuko ya tatu. Daftari liko juu ya friji lake. Juzi akanipigia simu, "Mdogo wangu, usiku unaongoza, niache mchana?" Nikamwambia dada, hapana, ukisimamisha mechi kila timu yako inapoongoza, hutakaa ufungwe. Akacheka, akasema anaenda kurusha sarafu.