Kulipima Bamba la Katani na Mafuta ya Korosho

Aliyezoea kununua mabati katika maduka ya Kinondoni na Temeke hutazama unene na mng'aro, akagonga kwa kidole, akalipa. Lakini bamba lililofumwa kwa katani na kugandishwa kwa gundi ya maganda ya korosho halihukumiwi hivyo, kwani si kitu kimoja bali ni vitu viwili vilivyofungishwa akdi, na uzuri wake wote umo katika akdi ile.

Mwaka 1992 mhandisi Elifas Bisanda, aliyekuja baadaye kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alichapisha pamoja na mtafiti mwenzake Martin Ansell matokeo ya utafiti wao juu ya bamba la namna hii: nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ilikuwa kwa wastani megapaskali 24.5, ugumu wake gigapaskali 8.8, na lile lenye migongo kama bati lilithibiti kuwa lafaa kuezekea. Nami nasema kwa fahari kwamba mali zote mbili ni za kwetu, katani ya Tanga na korosho ya Mtwara na Lindi, ijapokuwa mkonge wenyewe ulifika mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa ndiyo iliyosalimika.

Anza na katani kabla haijafumwa. Iliyo njema ni ndefu, nyeupe kama malai, haina mabaka ya kijani ambayo ni masalio ya nyama ya jani lisilooshwa vema. Hata hivyo weupe usikughuri, maana uzi wa katani kwa maumbile yake una nta juu yake, na gundi haishiki penye nta. Kwa hiyo fundi mwenye ilimu huirowesha katani katika maji ya soda kali, ikavuliwa nta hiyo na kubaki na ngozi inayoparuza kidogo vidoleni.

Ama gundi, asili yake ni yale mafuta ambayo kila mama aliyepata kubangua korosho ayajua kwa jinsi yanavyobabua mikono. Hupikwa pamoja na formalini, na yakisha kuiva kwa moto hayayeyuki tena abadani. Basi linuse bamba: harufu ikikuchoma pua, au ukucha ukiacha alama, halijaiva.

Lakini mizani ya haki ni kuvunja. Omba kipande kilichobaki wakati wa kukata, ukivunje, utazame kinywa cha mpasuko kwa kioo cha kukuzia. Nyuzi zikichomoza ndefu na safi mithili ya nywele za burashi, ujue zilichomoka katika gundi bila kushindana nayo, na akdi haikuwapo; zikiwa fupi, zimevaa gundi, zimekatika papo pale ilipokatika, hapo pana kazi. Fundi wa jahazi anayetia kalafati hahitaji kuelezwa jambo hili, kwa sababu maisha yake yote ameyaona maji yakiingia si katika ubao bali mahali ubao ulipokutana na mwenziwe.

Kisha ligonge kwa sarafu, hasa juu ya migongo, ambako gundi aghalabu huteremka ikaacha nyuzi kavu. Sauti ikififia ghafula, tabaka zimeachana.

Kwa mji huu wa Dar es Salaam, wenye joto la chumvi na masika ya wiki nyingi, usisahau kingo. Pima uzito wa kipande, kizamishe majini siku nzima, kifute, ukipime tena. Katani hunywa maji kwa ncha zilizokatwa, na bamba ambalo kingo zake hazikupakwa gundi upya litaongezeka uzito, litavimba pembeni, na mvua ya pili italikuta limekwisha kufunguka.