ASIYELIPA KWA SIMU SI MJINGA

Husemwa sana siku hizi ya kwamba mwenye kulipa kwa simu ndiye aliyeendelea, na mwenye kushika noti mkononi angali gizani. Maneno haya yanataka kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Tazama mambo yalivyoanza. M-Pesa ilipofunguliwa Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, watu hawakuwa na kiu ya mtambo mpya. Walikuwa na haja ya zamani, nayo ni kupeleka pesa nyumbani. Kijana afanyaye kazi Dar es Salaam, na mamaye yuko Kingolwira, karibu na Morogoro mjini, alikuwa humpa bahasha utingo wa basi au humngoja msafiri, na moyo wake hautulii mpaka asikie kuwa imefika. Simu ilipomwondolea hofu hiyo, aliifuata mwenyewe bila ya kuhubiriwa.

Lakini kijana huyo akija Kingolwira kununua ndizi zilizoteremshwa kutoka Uluguru, akataka kulipa kwa simu, huenda muuzaji akakataa. Je, huo ni ujinga? La, hasha! Amepiga hesabu. Mzigo wa kesho ataununua kwa mkulima anayetaka taslimu, na kutoa pesa kwa wakala kuna makato. Faida ya ndizi ni ndogo. Makato yakiila, yeye atakula nini?

Hesabu hiyo ilidhihirika Julai 2021, Serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Simu zilikuwa zile zile na watu wale wale, wala hakuna aliyesahau kubonyeza. Lakini manung'uniko yalienea nchi nzima, na wengi wakarudia taslimu. Mwezi Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Basi yanayomvuta mtu au kumrudisha nyuma ni mawili: amana na gharama. Wanaotaka sote tulipe kwa simu na waache kuwadharau wanyonge. Wapunguze makato, wawazuie matapeli, na aliyekosea namba arudishiwe pesa yake upesi. Mwenye kutaka kuaminiwa mali ya watu, ni juu yake kuonyesha uaminifu kwanza.