Tundu la Kigong'ota: Kazi ya Moto na Msumeno Katika Msitu wa Misonobari

Mtu amepanda ngazi hadi mita sita hivi juu ya ardhi. Amejifunga mkanda kwenye shina la msonobari, na mkononi ana msumeno wa mnyororo. Anakata ndani ya shina nafasi ya mstatili yenye urefu wa sentimita 25, upana wa 10 na kina cha 15 hivi. Anachomeka humo kisanduku cha mbao ya mwerezi chenye kitundu cha kuingilia ambacho ngumi ya mtoto haipiti, anaziba nyufa zote, kisha anashuka. Kazi nzima ni ya saa moja hivi. Ndege aliyewekewa kisanduku hicho angehitaji mwaka mzima, na mara nyingi miaka kadhaa, kulichimba tundu kama hilo kwa mdomo wake.

Ndege mwenyewe ni kigong'ota wa kusini-mashariki mwa Marekani, Dryobates borealis, mwenye uzito usiozidi gramu 55. Vigong'ota wengi huchimba katika miti iliyokufa, kwa kuwa mbao yake ni laini. Huyu huchimba katika msonobari ulio hai, na anafanya hivyo kwa sababu. Kuzunguka mlango wa tundu hutoboa vijitundu vidogo na kuvitobolea tena kila mara, utomvu ukatiririka hadi shina zima likaonekana kama mshumaa uliomwagika nta. Nyoka wa panya, hodari wa kupanda miti na kula makinda, akiufikia utomvu huo magamba yake hushindwa kushika gome. Mti uliokufa hauna ulinzi wa aina hiyo.

Utomvu huohuo ungemnasa ndege mwenyewe kama ungechuruzika ndani ya tundu. Kwa hiyo chumba chake lazima kikae katikati kabisa, kwenye moyo wa mti ambako utomvu hautembei. Moyo huo uwe mpana vya kutosha, na ikiwezekana uwe umeanza kulainishwa na kuvu. Mti wa namna hiyo kwa kawaida umevuka miaka 80. Fundi wa kisanduku naye anafungwa na sharti lilelile: akichagua mti mwembamba au akiacha ufa, ametengeneza mtego.

Misitu hiyo ya misonobari ya majani marefu, Pinus palustris, ilienea toka Virginia hadi Texas kwenye eneo linalokadiriwa kuwa hekta milioni 36. Ilikamuliwa utomvu, ikakatwa mbao, ikafyekwa kuwa mashamba, mpaka ikabaki chini ya hekta milioni 1.5. Palipopandwa upya, mara nyingi palipandwa misonobari ya aina nyingine inayokua haraka, ya kuvunwa ingali michanga kwa ajili ya karatasi na mbao. Mtu wa mbao akiutazama msonobari wa miaka 35 anaona mti uliokomaa. Kigong'ota anaona mtoto. Hekta elfu moja za miti ya umri huo ni msitu kwenye ramani, lakini kwake hazina hata nyumba moja.

Hiyo ndiyo sehemu ya msumeno katika kisa hiki. Sehemu ya moto ni ngumu zaidi kuielewa, hasa kwetu, kwa sababu tumezoea msonobari wa kigeni uliopandwa kwa mistari. Ukipita mashamba ya misonobari ya Sao Hill kule Mufindi wakati wa kiangazi, moto ndani ya misonobari ni msiba, na barabara za kuzuia moto zipo kwa ajili hiyo. Msonobari wa majani marefu, ukiwa nyumbani kwake, unauhitaji moto. Mche wake haukimbilii juu. Kwa miaka kadhaa hukaa chini kama shungi la nyasi huku mzizi wake ukizama ardhini. Moto mwepesi ukipita, ncha za sindano zile ndefu huungua, lakini chipukizi lililofichwa katikati yake hubaki zima. Moto huo pia huteketeza ukungu unaoshambulia sindano na kuudumaza mche. Kisha siku moja mche unafyatuka, unapanda kwa kasi mpaka kichwa chake kipite urefu wa ndimi za moto.

Zamani radi ndiyo iliyowasha, na wenyeji wa asili wa nchi hiyo nao walichoma, hivi kwamba sehemu nyingi ziliungua kila baada ya miaka miwili au mitatu. Karne ya 20 ilipoanza, wakuu wa misitu wakaamua kuwa kila moto ni adui. Herbert Stoddard, mtafiti wa kware, alipinga hadharani katika kitabu chake cha 1931, lakini kampeni za kuzuia moto ziliendelea kupata nguvu kwa miaka mingi. Moto ulipotoweka, mialoni na miti mingine ya majani mapana ikajaza nafasi kati ya misonobari. Vichaka vilipofikia usawa wa matundu, kigong'ota alihama. Kindi wanaoruka na ndege wengine walichukua nyumba zake, na nyasi zilizokuwa zikilisha wadudu wake zikafa kivulini. Kobe wa huko, ambaye shimo lake huhifadhi mamia ya aina za viumbe wengine, naye alikosa jua na majani ya kula. Hakuna mti mkubwa uliokatwa katika msitu kama huo, na bado wanyama wake waliondoka.

Kuna jambo linalonigusa hapa: baadhi ya jamii kubwa zaidi za vigong'ota waliobaki zilipatikana kwenye kambi za kijeshi kama Fort Bragg na Eglin. Mizinga ilikuwa ikiwasha nyasi mara kwa mara, na ndani ya eneo la mabomu hakuna aliyethubutu kukata miti.

Ndege huyu aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1970. Kilichofanya kazi ya kumwokoa isonge mbele ni swali lililoulizwa vizuri. Kigong'ota huishi kifamilia. Vijana wa kiume hubaki nyumbani miaka kadhaa wakisaidia kulea wadogo zao badala ya kwenda kuanzisha makao mapya. Je, wanakosa chakula huko nje, wanakosa wenza, au wanakosa matundu? Huko North Carolina, Carole Copeyon, Jeffrey Walters na Jay Carter walichagua maeneo 20 wakayatobolea matundu, na mengine 20 wakayaacha yalivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 ni ya kukatisha ubishi: maeneo 18 kati ya yale 20 yenye matundu yalipata wakazi. Katika yale mengine hakukuwa na hata moja. Vijana wale walikuwa wakisubiri nyumba.

Kimbunga Hugo kilikuwa kimeshaipa mbinu hiyo mtihani. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Septemba 1989 kilipiga msitu wa Francis Marion, South Carolina, uliokuwa na moja ya jamii kubwa kabisa za ndege hawa. Asilimia 87 ya miti yenye matundu iliangushwa, na ndege wapatao asilimia 63 walipotea. Wale waliopona hawakuwa na pa kulala. Hapo ndipo visanduku, mbinu iliyobuniwa na David Allen, vilipoingizwa kwa mamia kwenye misonobari iliyobaki imesimama, na ndege wakaingia.

Kisanduku, hata hivyo, ni mkopo. Kinampa ndege miaka ya kuishi huku msitu ukizeeka vya kutosha kumpa nyumba zake mwenyewe. Deni halilipiki kama msumeno utarudi kabla mti haujafika umri huo, wala kama vichaka vitaachwa vifike mlangoni. Wenye mashamba nao walikuwa na hofu yao: ndege akitua kwako, sheria inakufunga mikono, na wapo waliokata miti mapema ili asije. Mikataba iliyoanza North Carolina mwaka 1995 ilimhakikishia mwenye ardhi kwamba ndege watakaoongezeka kwa juhudi zake hawatamwongezea vikwazo. Naiona hatua hiyo kuwa sawa na kisanduku kwa uzito, ingawa haipigwi picha.

Idadi ya makundi imepanda toka takriban 1,470 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 7,800 hivi, na Oktoba 2024 serikali ya Marekani ilimshusha daraja la hatari, toka walio karibu kutoweka hadi walio katika tishio. Wengine walishangilia kama vile kazi imekwisha. Mimi nasita, kwa sababu ya moto. Kisanduku huwekwa mara moja, lakini moto lazima urudi kila miaka miwili au mitatu, bila kikomo, na kila mara unahitaji watu, bajeti, upepo unaofaa na majirani wanaovumilia moshi.

Pale ambapo moto haukupita kwa miongo mingi, kuurudisha ni kazi ya tahadhari kubwa. Sindano na magome yaliyorundikana kwenye shina yameshakuwa tabaka nene, na vijizizi vya mti vimepanda kuishi ndani yake. Ukiwasha siku ya ukavu, tabaka hilo hufukuta kwa saa nyingi bila ndimi za kuonekana, na msonobari wa miaka 200 uliookoka misumeno yote unakufa kwa moto uliokusudiwa kuusaidia. Kwa hiyo mioto ya kwanza huwashwa tabaka la chini likiwa na unyevu. Nyasi zikisharudi, uchomaji husogezwa kwenye majira ambayo radi ilikuwa ikiwasha, Mei au Juni, kwa kuwa nyasi-waya, nyasi kuu ya msitu huo, hutoa maua kwa wingi baada ya moto wa wakati huo.

Bado upo ule utomvu wa kigong'ota. Utomvu huohuo unaomzuia nyoka hushika moto kama mafuta, na ndimi zikiufikia hupanda hadi mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, wafanyakazi huzunguka na reki wakiutafuta kila mti wenye tundu, na kukwangua sindano kuuzunguka mpaka udongo uonekane. Baada ya hapo ndipo mstari wa moto unapowashwa, taratibu, dhidi ya upepo.