Ungo Kabla ya Kasri: Uhakiki wa Asili ya Majina ya Nyota ya Kichina

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu majina ya nyota ya Kichina ni kwamba anga ni nakala ya dola. Kuizunguka ncha ya kaskazini ya mbingu kuna boma la Ziwei, lenye mfalme, mrithi wake na watumishi wa kasri. Nje yake kuna boma la Taiwei, lenye majina ya ofisi za serikali, na boma la Tianshi, yaani soko. Hata choo hakikusahauliwa: Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, anataja nyota nne ziitwazo choo na chini yake nyota moja iitwayo kinyesi, ambayo ikiwa ya manjano huhesabiwa kuwa ni ishara njema. Maelezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kuichukua hatua ya baadaye ya historia ya majina hayo na kuifanya kuwa ndiyo asili yake.

Ushahidi wa kupinga mtazamo huo umo katika matini kongwe kuliko Sima Qian. Shairi la Da Dong, lililomo katika mkusanyo wa Shijing, ni malalamiko ya watu wa mashariki waliolemewa na kodi na kazi za kulazimishwa chini ya utawala wa Zhou. Mshairi anapoinua macho haoni mawaziri. Anaona Ji, yaani ungo. Dou, yaani kata. Fahali wa kukokota, na msichana mfumaji. Kisha anavidhihaki vyote kwa kuwa havifanyi kazi ambazo majina yake yanaahidi. Dhihaka hiyo isingekuwa na makali kama hadhira isingekwisha kuzijua nyota hizo kwa majina ya vyombo vya nyumbani na shambani. Zaidi ya hayo, majina hayo yanatumika hapa na mlipa kodi dhidi ya anayemtoza. Ni vigumu kuyaita mali ya kasri.

Akiolojia inaunga mkono hoja hiyo. Kasha lililopakwa sandarusi, lililofukuliwa mwaka 1978 katika kaburi la Yi, mtawala wa Zeng, huko Suizhou, Hubei, lina majina ya vituo vyote 28 vya mwezi, yakiizunguka alama kubwa ya Dou. Kaburi hilo ni la mwaka 433 KK hivi. Miongoni mwa vituo hivyo kuna pembe, shingo, moyo na mkia wa joka. Kuna kisima, wavu na bawa. Cheo cha serikali hakimo hata kimoja.

Umbo la nyota zenyewe nalo ni shahidi. Nyota nne za Ji zinafanana na ungo wenye mdomo mpana, na zile za Bi zinafanana na wavu wenye mpini. Kinyume chake, hakuna kitu katika sura ya Sangong, nyota tatu ziitwazo mawaziri wakuu, kinachomdokezea mtazamaji uwaziri. Zinafahamika hivyo kwa sababu tu ziko karibu na kasri. Jina la chombo linaweza kusimama peke yake, lakini jina la cheo linahitaji ramani nzima iwepo kwanza. Kigezo hiki hakitoshi kila mahali (kituo cha Xu, yaani utupu, si chombo wala cheo), lakini kinatosha kuonyesha mwelekeo.

Katika sura yake iitwayo Tianguan shu, ambamo guan ni maofisa, Sima Qian anaifasiri Dou ya kaskazini kuwa ni gari la mfalme. Kata imebaki na jina lake, ila imepewa kazi nyingine. Huo ni uhariri, na unapaswa kusomwa kama uhariri. Katika karne ya 3 BK Chen Zhuo aliunganisha orodha za mapokeo matatu kuwa makundi 283 yenye nyota 1,464, na tangu hapo orodha rasmi ikawa na mipaka.

Nje ya mipaka hiyo watu hawakuacha kutaja nyota. Chati za Wubei zhi, kitabu cha karne ya 17, zinahusishwa na safari za Zheng He na zinafika hadi Malindi na Mombasa. Humo urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari unapimwa kwa vidole, na kundi la msalaba wa kusini linaitwa Denglonggu, mifupa ya fanusi: jina la umbo, kama lilivyo la Ji. Xu Guangqi na Wajesuti waliporekebisha kalenda kati ya 1629 na 1634, makundi 23 ya kusini yaliongezwa kutoka chati za Ulaya. Kundi lilelile likaandikwa Shizijia, yaani msalaba. Jina la mabaharia halikuchukuliwa.