Mtaalamu Asiyedodoswa: Wanazuoni wa Afya na wa Haki Jinai katika Habari Zetu

Katika kurasa hizi tumezoea kupima vitabu na mahubiri. Safari hii tunapenda kupima jambo ambalo halina jalada wala mwandishi mmoja, lakini linasikilizwa na washarika wetu kuliko mahubiri mengi: namna magazeti na redio zinavyomleta mbele yetu mtaalamu wa chuo kikuu, hasa anaposema juu ya magonjwa na juu ya uhalifu. Mchungaji hawezi kulipuuza. Taarifa ya habari ya jioni ikimalizika, ni yeye anayeulizwa kama yaliyosemwa ni kweli.

Tutazame jambo hili tukiwa Ilagala, mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Huko kuna kivuko cha kwenda Kajeje, kuna gereza linalojulikana kwa michikichi yake, na kuna wavuvi wa dagaa na migebuka wanaolala ufukoni kufuata samaki. Kwa hiyo afya na haki jinai, mambo ambayo wahariri huyatengea kurasa mbalimbali, huko yanakaa kijiji kimoja.

Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, hata makumi ya maelfu wakawa kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, wengine wakingoja kuchukuliwa na MV Liemba. Kipindupindu kikazuka, katika muda mfupi wagonjwa walizidi 3,000 na waliokufa walizidi 30. Wataalamu waliosikika siku zile walisema kweli tupu: maji yachemshwe, mikono inawe, vyoo vitumike. Lakini mwenye kuisikia kweli hiyo katika kambi ya wavuvi alibaki na maswali ambayo hakuna mwandishi aliyeonekana kuyauliza kwa niaba yake. Kuni za kuchemshia zitoke wapi, ikiwa nazo zinatakiwa kwa chakula na kwa kukamulia mawese? Choo kichimbwe wapi katika mchanga unaobomoka na kujaa maji kabla shimo halijafika kiunoni? Ziwa ni kisima, ni bafu, ni njia, na kwa wengi ni choo pia. Mwanazuoni wa afya ya jamii anayajua hayo; huenda ameyaandikia tasnifu. Aliyemhoji alitaka sentensi moja, akapewa sentensi moja. Matokeo yake mkazi wa ufukoni anaonekana mkaidi asiyesikia la mkuu, na mhubiri asiye makini hulichukua neno hilo la lawama na kupanda nalo mimbarini.

Hapa mahakama ina la kutufundisha. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inayaruhusu maoni ya mtaalamu, lakini haimruhusu kusimama juu ya cheo chake tu. Ataeleza alisomea nini, alichunguza kitu gani, na alifikaje kwenye maoni yake. Kisha upande wa pili utamuuliza maswali ya dodoso. Hata baada ya hayo yote hakimu hafungwi na maoni hayo. Gazeti hubakiza cheo na kuyaacha mengine. Profesa wa magonjwa ya watoto huulizwa juu ya bei ya dawa, na mwanasheria wa mikataba juu ya mauaji, maadam wote ni wasomi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Desemba 2016. Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza kwamba kati ya watu 533 waliopimwa, 83 walionekana kuwa na maambukizo ya Zika. Virusi hivyo si vigeni Afrika Mashariki, kwani viligunduliwa Uganda mwaka 1947 katika msitu uliovipa jina. Siku iliyofuata Waziri wa Afya alieleza kuwa hakuna ugonjwa wa Zika nchini, na Rais akatengua uteuzi wa Dkt. Malecela. Habari zikawa ni za kuondolewa kwake. Swali la kwanza la dodoso likaachwa: je, dalili za maambukizo katika damu ya watu kadhaa ni jambo moja na mlipuko wa ugonjwa? Si jambo moja. Mtafiti angeweza kusema kweli juu ya damu aliyoipima, na waziri akasema kweli juu ya kutokuwepo kwa mlipuko. Gazeti lililomweka kila mmoja kuwa mpinzani wa mwenzake lilimfanya msikilizaji achague mtu, wala si hoja. Dkt. Malecela alikwenda kulitumikia Shirika la Afya Duniani katika kupambana na magonjwa yasiyopewa kipaumbele, akafariki Februari 2022.

Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa hata kutoa takwimu za kupinga zile rasmi kukawa kosa, na mwaka 2019 ikalegezwa. Kisha ikaja korona: Mei 2020 Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilionyesha maambukizo, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa, na hesabu ya wagonjwa ikasimama kwenye 509 kwa zaidi ya mwaka. Wanazuoni wengi walinyamaza. Hatuwalaumu kwa wepesi. Lakini katika kimya kile wachungaji walizika, na jamaa za marehemu waliuliza kilichowaua.

Katika haki jinai hali ni nyingine, na pengine ni mbaya zaidi. Huko mtaalamu wa habari ni Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Yeye ndiye anayesimulia tukio, chanzo chake, na tabia ya mtuhumiwa, hali ni upande mmoja wa shauri. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961. Kimepata mtu kama Profesa Leonard Shaidi, aliyeandika juu ya uhalifu na udhibiti wake Tanzania Bara. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua. Hayo yalikuwa mabishano yenye hoja za kitaaluma pande zote. Ni mara ngapi mabishano ya namna hiyo yameletwa redioni kwa lugha ambayo askari wa Gereza la Ilagala na mfungwa wake wangeielewa? Hata Tume ya Haki Jinai iliyoundwa mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikuwa na wakuu wawili wastaafu wa Jeshi la Polisi. Uzoefu wao ni mali. Lakini ni uzoefu wa mwenye kukamata.

Upungufu huu unauma zaidi inapotajwa Kamchape. Kundi hilo la kusaka wachawi limesikika tena Mkoa wa Kigoma katika miaka ya karibuni, nalo huripotiwa kama vurugu za kuzuiwa na polisi. Lakini Roy Willis aliliandikia makala mwaka 1968 baada ya kuliona Ufipa, na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuchunguza mauaji ya watuhumiwa wa uchawi. Hesabu aliyoiweka mbele yetu ni watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Nyuma ya tuhuma aghalabu kuna mtoto aliyekufa kwa homa isiyopimwa. Hapo ndipo mwanazuoni wa afya na mwanazuoni wa jinai wangepaswa kuketi meza moja, naye bibi anayetuhumiwa angepata watetezi wawili badala ya kumngoja askari afike kwa mtumbwi. Amri ya Nane, tunayowafundisha vijana wa kipaimara, inahusu jina la bibi huyo.

Wala tusiwanyoshee waandishi kidole peke yao. Mwaka 2011 Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa kanisa letu, aliwagawia maelfu ya watu kikombe cha dawa huko Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, akisema Mungu alimwonyesha; kisukari, saratani, hata UKIMWI vikatajwa kuwa vitapona. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali. Katika habari za siku zile neno "mchungaji" lilifanya kazi ile ile ya neno "profesa", na askofu wake alipomuunga mkono, kauli yake ilichapishwa kana kwamba ni majibu ya maabara. Hatukumbuki kongamano la chuo chochote cha theolojia lililouliza ni kwa ujuzi gani tulisema. Masapila alifariki Julai 2021, na magazeti yalipotangaza msiba yaliwahoji tena wachungaji.