Mchoro Sahihi, Maelezo Bubu: Bomba la Mvuke la Mashine ya Kukaushia Nguo

Ukiingia chumba cha kufulia cha hospitali kubwa alfajiri, boila ndiyo kwanza imewashwa, hebu sikiliza mabomba. Yakiwa kimya, mshukuru fundi. Yakigonga ko! ko! ko! kama kuna mtu ndani ameshika nyundo, kaa mbali kidogo, halafu soma makala hii.

Mlio huo niliusikia nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Mashine mpya ya kukaushia shuka ilikuwa imeshafungwa, geji inasoma bar 7, lakini shuka zinatoka na unyevu. Kila mtu alimlaumu fundi. Mimi nikaomba mwongozo wa ufungaji, na baada ya kuusoma nataka tugawane lawama upya.

Kwanza tuutendee haki. Mchoro wake ni sahihi. Tawi linatoka upande wa juu wa bomba kuu. Mabomba yana mteremko. Kuna kichujio, na kila mashine ina trapu yake ya mvuke, yaani kile kifaa kinachoachia maji yatoke na kuuzuia mvuke usipotee. Mhandisi aliyechora alijua anachofanya.

Tatizo ni kwamba hakumwambia mtu mwingine. Agizo la kutoa tawi juu limepewa mstari mmoja, uzito uleule na agizo la kuacha nafasi ya kufagia nyuma ya mashine. Fundi alikuta dari iko karibu mno, akatoa tawi chini ya bomba. "Mdogo wangu," aliniambia, "mvuke si umejaa bomba zima? Juu na chini kuna tofauti gani?"

Swali zuri sana! Na mwongozo mzima, kurasa zote zile, hauna jibu.

Jibu lenyewe ni hili. Mvuke ukipita kwenye bomba hupoteza joto, na sehemu yake hugeuka maji. Maji hayo hulala chini. Ukitoa tawi chini, umeyafungulia mlango yaende moja kwa moja kwenye mashine. Sasa angalia hasara: kwa presha ya bar 7, mvuke una joto la nyuzi 170 hivi, na kilo 1 ikigeuka maji hutoa takriban kilojuli 2,050. Kilo 1 ya maji ya joto hilohilo, ikipoa hadi nyuzi 100, hutoa kama 300 tu. Karibu mara saba pungufu! Geji haikudanganya, presha ilikuwepo, ila kilichofika kwenye mashine kilikuwa maji mengi na mvuke kidogo.

Na ule mlio? Mvuke kwenye bomba hukimbia mita 25 kwa sekunde au zaidi, sawa na gari la kilomita 90 kwa saa. Ukikuta maji yametuama, huyabeba na kuyabamiza kwenye kona au valvu. Pigo hilo linaweza kupasua kiungo, na anayesimama karibu ni mfanyakazi wa kufulia, si mwandishi wa mwongozo. Ndiyo maana ya mteremko: kama sentimita 1 kwa kila mita, maji yaelekee kwenye trapu. Fundi asiyeambiwa sababu atalinyoosha bomba kwa pimamaji, kwa sababu bomba lililonyooka linapendeza.

Najua utaniambia mwongozo si kitabu cha fizikia. Kweli. Lakini siombi sura nzima. Naomba sentensi moja: toa tawi juu, kwa sababu maji hukaa chini. Mwongozo huu umepata nafasi ya kurasa mbili za masharti ya dhamana, ukakosa nafasi ya maneno hayo.

Hatimaye boila ilizimwa, bomba likapoa, dari ikakatwa kidogo, na fundi yuleyule akahamishia tawi juu. Shuka zikakauka. Hakuhitaji kusimamiwa, alihitaji kuelezwa.

Wewe unayesoma uhandisi leo, kesho utaandika maelekezo kama haya. Kabla hujayatuma, tafuta kila agizo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulibadilisha akikuta dari iko chini. Hapo ndipo uandike "kwa sababu".